Bima ya Afya ya Lazima kwa Wakazi Wageni nchini Ujerumani

Bima ya afya ya lazima nchini Ujerumani ni utaratibu wa kisheria unaomtaka kila mwenye makazi nchini humo, raia kwa mgeni, awe na bima ya kumlipia matibabu. Kwa mgeni bima hiyo hubeba mizigo miwili kwa pamoja: humfungulia mlango wa daktari, na ni sharti mojawapo la kupewa au kuongezewa kibali cha ukaazi. Aliyezoea bima inayokatwa na anayetaka, na inayokoma yenyewe asipoilipia, hutatizwa zaidi na jambo moja kuliko na malipo yenyewe. Wajibu huu hauanzi siku kadi inapofika, wala hauishi kwa kutougua. Huanza siku mtu anapoingia katika hali iliyotajwa na sheria, kama kuajiriwa au kusajiliwa chuo kikuu, kisha huhesabika kimyakimya mpaka uondolewe kwa maandishi.

Isichanganywe na bima ya safari. Anayeingia nchi za Schengen kwa viza ya muda mfupi hudaiwa bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, kama vile Zanzibar nayo, tangu Oktoba 2024, inavyowadai wageni wake bima ya dola 44. Bima ya aina hiyo imekusudiwa ajali na maradhi ya ghafla. Haiwezi kumtunza mwenye kisukari mwaka hadi mwaka, na kwa kawaida haigharamii ujauzito kuanzia kliniki hadi kujifungua. Bima iliyotosha dirishani ubalozini huenda isitoshe miezi michache baadaye, katika ofisi ya wageni, mtu anapoomba kibali cha kukaa.

Asili yake

Sheria ya bima ya wagonjwa kwa wafanyakazi ilipitishwa tarehe 15 Juni 1883, enzi ya Kansela Otto von Bismarck, ikaanza kutumika Desemba 1884. Bismarck hakusukumwa na huruma peke yake; alitaka kuwavuta wafanyakazi wa viwandani wasikimbilie kwa wasoshalisti. Mfanyakazi alilipa theluthi mbili za mchango na mwajiri theluthi moja, na mgonjwa aliweza kupata nusu ya ujira kwa muda wa wiki 13.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani kuliko Bismarck. Wachimba madini na mafundi wa vyama vya ufundi walikuwa na masanduku ya pamoja ya kusaidia wagonjwa, wajane na mazishi, mambo ambayo mwanachama yeyote wa chama cha kufa na kuzikana angeyatambua mara moja. Hata jina limebaki: Krankenkasse, neno ambalo Mjerumani hulitumia kwa mfuko wa bima, maana yake halisi ni sanduku la fedha la wagonjwa.

Kwa muda mrefu baada ya hapo, wapo waliobaki nje ya sheria. Lazima kwa watu wote ni jambo la juzi tu: kuanzia tarehe 1 Aprili 2007 kwa wanaohesabiwa upande wa mifuko ya umma, na tarehe 1 Januari 2009 kwa wale wa bima binafsi.

Pande mbili

Karibu watu tisa katika kila kumi wamo katika bima ya umma; waliobaki, kwa sehemu kubwa, wana bima binafsi. Bima ya umma haiendeshwi na wizara. Huendeshwa na mifuko isiyofika mia, kila mmoja ukiwa na utawala wake, na iliyo maarufu zaidi ni Techniker, Barmer, DAK na familia ya mifuko ya AOK. Tangu 1996 mwanachama huchagua mfuko autakao, na anaweza kuuhama baada ya miezi 12. Mfuko hauna ruhusa ya kumkataa anayestahili kwa sababu ya umri au maradhi. Kwa kuwa mafao karibu yote yamepangwa na sheria, tofauti kati ya mfuko na mfuko ni ndogo kuliko matangazo yao yanavyodai. Kwa mgeni, tofauti yenye maana mara nyingi ni iwapo mfuko una wahudumu wanaomwelewa anapopiga simu.

Katika bima ya umma mchango hufuata kipato. Kijana mzima wa afya na mzee mwenye maradhi ya moyo, wakipata mshahara sawa, hukatwa kiwango kilekile cha bima ya afya. Bima binafsi huenda kinyume chake: bei hupangwa kwa umri na hali ya afya siku ya kujiunga, kila mtoto hulipiwa peke yake, na mgonjwa mara nyingi hulipa kwanza ndipo adai arudishiwe. Kijana asiye na mke wala mtoto huiona rahisi. Urahisi huo haudumu, na njia ya kurudi ni nyembamba: aliyepitisha miaka 55, kwa kawaida, hawezi tena kuingia bima ya umma.

Makato ya mshahara

Kiwango cha msingi ni asilimia 14.6 ya mshahara kabla ya makato. Juu yake kila mfuko huongeza mchango wake wa ziada. Wastani uliotangazwa na serikali kwa mwaka 2025 ulikuwa asilimia 2.5. Jumla hiyo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mfanyakazi na mwajiri. Mtumishi wa umma wa Tanzania anaujua mgawanyo wa namna hii, kwani mfuko wa taifa wa bima ya afya, NHIF, huchangiwa asilimia 3 na yeye na asilimia 3 na mwajiri. Mfanyakazi wa Kenya, ambaye tangu Oktoba 2024 hukatwa asilimia 2.75 peke yake, hana mwenzake wa kumchangia. Pamoja na bima ya afya huja bima ya matunzo, iliyoanzishwa 1995 kwa ajili ya wasioweza tena kujihudumia. Kiwango chake mwaka 2025 kilikuwa asilimia 3.6, na asiye na mtoto aliyefikisha miaka 23 huongezewa asilimia 0.6 inayotoka mfukoni mwake tu.

Muuguzi kutoka Kisumu au Moshi asiye na mtoto, anayelipwa yuro 3,000 kwa mwezi, kwa viwango hivyo vya 2025 alikatwa yuro 256.50 za bima ya afya na yuro 72 za matunzo, jumla yuro 328.50. Mwajiri wake aliweka yuro 310.50. Fedha hizo hukatwa kabla mshahara haujaingia benki, na mfanyakazi hatakiwi kupeleka chochote mwenyewe. Kazi yake ni kuchagua mfuko mapema na kumjulisha mwajiri. Akikaa kimya, mwajiri humchagulia.

Mchango una dari. Mwaka 2025 kipato kilichozidi yuro 5,512.50 kwa mwezi hakikukatwa kwa sehemu iliyozidi. Upo pia mpaka mwingine, uliokuwa yuro 73,800 kwa mwaka, ambao mwajiriwa akiuvuka huwa huru kubaki bima ya umma au kwenda binafsi. Mgeni ambaye ajira yake ya kwanza kabisa Ujerumani inamweka juu ya mpaka huo ana miezi mitatu ya kujiunga na bima ya umma kwa hiari. Viwango hivi vyote hupitiwa karibu kila mwaka na huelekea kupanda.

Kibarua kidogo cha malipo yasiyozidi yuro 556 kwa mwezi, kwa kiwango cha 2025, ni mtego wa wengi. Mwajiri hupeleka mchango kwa ajili yake, lakini mchango huo haumpi mfanyakazi bima. Mwenye kibarua hicho pekee lazima awe na bima kwa njia nyingine. Hali ni tofauti kwa vijana wanaokuja kwa mwaka wa kujitolea: taasisi inayowapokea hulipa mchango wote, na wao huwa wanachama kamili. Anayekuja kulea watoto katika familia kama au pair, kwa upande mwingine, hukatiwa bima binafsi na familia inayomkaribisha.

Wanafunzi

Chuo kikuu hakimsajili mwanafunzi kabla mfuko wa bima haujakitumia chuo taarifa ya hali yake ya bima. Hata mwenye bima binafsi hupitia kwenye mfuko wa umma kupata taarifa hiyo. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 huingia bima ya umma kwa mchango nafuu, ambao mwaka 2025, pamoja na matunzo, ulikuwa yuro 140 na ushei kwa mwezi. Akifanya kazi wakati wa muhula bila kuzidi saa 20 kwa wiki, kiwango chake cha mwanafunzi hakibadiliki.

Sheria inamruhusu kuomba aondolewe katika wajibu huo ndani ya miezi mitatu ya mwanzo ili achukue bima binafsi. Ombi likikubaliwa halirudishwi nyuma kwa muda wote wa masomo. Mawakala wanaouza bima za bei ya chini kwa wanafunzi wageni hawana haraka ya kulieleza hilo, na mwanafunzi hulifahamu anapougua maradhi ambayo bima yake imeyatenga.

Umri ni jambo zito zaidi kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki, ambako wengi huanza shahada ya uzamili baada ya miaka kadhaa ya kazi. Kiwango cha mwanafunzi hukoma mwishoni mwa muhula anaofikisha miaka 30. Anayewasili akiwa tayari amevuka umri huo, bila ajira wala historia ya bima ya umma barani Ulaya, kwa kawaida hubaki na bima binafsi tu. Hali kadhalika anayesoma kozi ya lugha au ya maandalizi katika Studienkolleg, ambaye kisheria bado hajawa mwanafunzi wa chuo kikuu. Mtafiti wa uzamivu anayeajiriwa na chuo huingia kama mfanyakazi. Asiyeajiriwa hutegemea masharti ya ufadhili wake. Wafadhiliwa wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, hulipiwa bima na shirika hilo.

Nani anahesabiwa familia

Mwanachama wa bima ya umma anaweza kuwaingiza mwenzi wa ndoa na watoto bila kuongezewa hata senti moja. Mtoto huingia hadi miaka 18, hadi 23 ikiwa hana kazi, na hadi 25 ikiwa yumo masomoni. Mwenzi asiwe na kipato chake cha kuzidi kiwango kilichowekwa, ambacho kwa 2025 kilikuwa yuro 535 kwa mwezi. Wote lazima wawe wakazi wa Ujerumani: mke aliyebaki Tanga au watoto wanaosoma Eldoret hawamo, hata kama baba anachangia kila mwezi.

Mama mzazi hamo kabisa. Familia ya sheria hii ni ya mume, mke na watoto, na hakuna fomu ya kumwongeza bibi, mdogo wake mtu au mtoto wa marehemu kaka ambaye hajaasiliwa wala kulelewa katika nyumba ya mwanachama. Mtanzania aliyezoea NHIF, ambayo humruhusu mchangiaji kuwaandikisha wazazi wake au wakwe miongoni mwa wategemezi, hushangaa kuona mchango mkubwa zaidi unafika kwa watu wachache zaidi. Mzazi anayekuja kumtazama mjukuu hubaki msafiri, na bima yake ni ile ya safari. Akilazwa kwa maradhi aliyokuja nayo, deni la hospitali linaweza kumwangukia mwenyeji aliyeweka sahihi ya kumdhamini.

Kutumia bima

Mwanachama hupewa kadi yenye picha yake na namba ya bima. Katika bima ya umma hakuna kulipa mlangoni: kadi husomwa, daktari hudai malipo yake kwingine, na mgonjwa kwa kawaida haoni hesabu. Mlango wa kwanza ni daktari wa familia, naye hutoa rufaa kwa daktari bingwa. Kupata miadi kwa bingwa huchukua wiki, pengine miezi, na wenye bima binafsi mara nyingi huitwa mapema zaidi. Jambo hilo hulalamikiwa na Wajerumani wenyewe. Usiku na siku za mapumziko, kwa ugonjwa usiotishia uhai, hupigwa simu namba 116117. Namba 112 ni ya hatari ya maisha.

Tangu Januari 2024 dawa za bima huandikwa kwa mtandao, na mgonjwa huzichukua duka la dawa kwa kadi ileile. Hapo huchangia asilimia 10 ya bei, si chini ya yuro 5 na si zaidi ya yuro 10 kwa kila dawa. Kulala hospitali huchangiwa yuro 10 kwa siku, kwa siku zisizozidi 28 katika mwaka. Watoto chini ya miaka 18 hawachangii dawa wala kitanda. Familia ambayo michango yake imefikia asilimia 2 ya kipato cha mwaka, au asilimia 1 kwa mwenye ugonjwa sugu, husamehewa inayofuata, ila isipotunza stakabadhi na kuomba yenyewe hakuna atakayeikumbusha.

Meno na macho ndipo bima inapoonyesha mipaka yake. Kung'oa na kuziba jino hulipiwa, lakini jino la bandia hupewa ruzuku ya asilimia 60 ya gharama ya tiba ya kawaida. Ruzuku hupanda hadi asilimia 75 kwa mwenye kijitabu kinachoonyesha kwamba amekaguliwa meno kila mwaka kwa miaka 10 mfululizo. Miwani ya mtu mzima, isipokuwa kwa wenye uoni hafifu sana, hujinunulia mwenyewe.

Mkalimani naye hayumo katika mafao ya kawaida. Hii ni kasoro kubwa ya mfumo unaohudumia mamilioni ya watu wasiozaliwa katika Kijerumani, na matokeo yake huonekana kila siku katika vyumba vya madaktari: mtoto wa miaka 12 anatafsiri maumivu ya tumbo la uzazi la mama yake.

Mfanyakazi anayeugua humjulisha mwajiri siku hiyohiyo. Ugonjwa ukizidi siku tatu hutakiwa cheti cha daktari, ambacho tangu 2023 mwajiri hukipata kwa mtandao kutoka kwenye mfuko. Mwajiri huendelea kulipa mshahara kamili kwa wiki 6, ilimradi ajira imeshatimiza wiki 4. Baada ya hapo mfuko hulipa posho ya ugonjwa ya asilimia 70 ya mshahara kabla ya makato, isiyozidi asilimia 90 ya unaobaki mkononi. Kwa ugonjwa uleule, muda wote hauzidi wiki 78 ndani ya miaka mitatu, wiki za mwajiri zikihesabiwa humo.

Deni linavyoota

Ajira ikiisha, uanachama hauishi nayo. Sheria ya 2013 humgeuza aliyetoka kazini kuwa mwanachama wa hiari moja kwa moja, asipothibitisha kuwa amepata bima nyingine au amehama nchi. Na kama analipwa posho ya kukosa kazi, ofisi ya ajira humlipia. Aliyegeuzwa mwanachama wa hiari, mfuko humtumia barua kumuuliza kipato chake. Asipojibu, humkadiria kama mtu anayepata kipato cha dari, na kwa viwango vya 2025 makadirio hayo, pamoja na matunzo, yalipita yuro 1,000 kwa mwezi. Kwa njia hii mtu asiye na kazi anaweza kudaiwa kama tajiri, kwa sababu tu bahasha zimerundikana mezani bila kufunguliwa. Akiwasilisha uthibitisho wa kipato chake halisi ndani ya miezi 12, hesabu hurekebishwa.

Kila mwezi wa kuchelewa huongeza asilimia 1 ya deni. Malimbikizo yakifikia michango ya miezi miwili, huduma husimamishwa, isipokuwa tiba ya maumivu makali na maradhi ya ghafla, huduma za ujauzito na uzazi, na uchunguzi wa mapema wa magonjwa. Huduma zinaposimamishwa deni haliachi kukua. Aliyekubaliana na mfuko kulipa kwa awamu hurudishiwa huduma zote maadamu anatimiza ahadi.

Walio nje ya mfumo

Anayeomba hifadhi hayumo katika bima ya umma miezi ya mwanzo. Sheria ya pekee humpa tiba ya maradhi ya ghafla na maumivu, chanjo, na huduma za ujauzito na kujifungua; tangu Februari 2024 muda wa kubaki katika kiwango hicho pungufu uliongezwa kutoka miezi 18 hadi 36. Asiye na kibali chochote ana haki ya kutibiwa dharura, na siri ya daktari humlinda hospitalini. Nje ya dharura, ofisi ya ustawi inayoombwa kumlipia inatakiwa na sheria kutoa taarifa kwa ofisi ya wageni, na kwa hiyo watu wa hali hii hukimbilia vituo vya hisani, kama vile vya shirika la Malteser, vinavyotibu bila kuuliza karatasi.

Kuondoka

Kurudi nyumbani kunahitaji hatua ambayo wengi huiruka kwa pilikapilika za kufunga mizigo. Mkazi anayehama hujiondoa katika daftari la wakazi la manispaa, hupewa hati, kisha huipeleka kwenye mfuko pamoja na barua ya kusitisha uanachama. Asipofanya hivyo, mfuko unaweza kuendelea kumhesabu kuwa yupo, na deni humsubiri siku atakapoomba kuingia tena. Michango iliyolipwa hairudishwi, kwa kuwa ilikuwa malipo ya kinga ya miezi iliyopita. Namba ya bima, yenye herufi moja na tarakimu tisa, haifutwi wala hapewi mtu mwingine. Anayerudi baada ya miaka hupewa kadi mpya yenye namba yake ileile.